Je, Mwanafunzi Akifanya Kazi Likizoni Amekosa?

Kabla sijaingia katika kiini cha maoni yangu, naomba niseme kwamba makala haya hayakuzaliwa ndani ya daftari la insha. Yalizaliwa gwarideni, siku ya pili ya muhula wa kwanza, pale mwalimu mmoja aliposimama mbele yetu akatamka kwamba mwanafunzi anayefanya kazi wakati wa likizo ameshachovya asali, na mchovya asali hachovyi mara moja. Mahali pa mwanafunzi, alisema, ni mezani, mbele ya kitabu, likizo au si likizo. Sote tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga, ingawa viganja vyangu vilikuwa bado na sugu za kamba za hema. Leo nataka kuyarudisha makofi yangu.

Likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa Nairobi kwa mama mdogo, majuma matano. Yeye na akina mama wenzake wana chama chao cha kila mwezi, na katika chama hicho yumo mama mmoja anayefanya biashara ya sherehe. Anakodisha hema, viti, meza, vyombo vya sauti na mapambo. Wenye harusi wanamjia, wenye posa wanamjia, wenye mahafali na wenye matanga pia. Mama mdogo alimwambia kwamba kuna binti yake kutoka Machakos anayejua kuandika vizuri na hapendi kukaa bure. Yule mama akanitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu, akasema, "Mlete. Atajifunza kazi, si atajifunza?" Mama mdogo akaitikia, nami nikaitikia. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Lishikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Safari yenyewe sitaisimulia sana. Niseme tu kwamba kituo cha mabasi ya mashambani pale Nairobi huitwa Machakos, kwa hiyo mtu wa kwetu hutoka Machakos akashuka Machakos, akabaki anajiuliza nauli yake ilikuwa ya nini. Mwalimu wetu wa Historia hupenda kutukumbusha kwamba Waingereza walikuwa na makao yao kwetu kabla Nairobi haijawa kitu, na kwamba reli ndiyo iliyotupita kando ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na makao nayo yakahama. Basi niliposhuka pale penye makelele na moshi nilijipa moyo kwamba huu mji ni mdogo wetu, hauna haki ya kunitisha. Ulinitisha hata hivyo.

Kazi ilianza Ijumaa ya kwanza. Wasomaji wengi mmeshakaa chini ya hema za harusi mkala pilau, lakini ni wachache waliowahi kujiuliza ile hema ilisimamaje. Hema la watu mia moja haliinuliwi na mtu mmoja mwenye nguvu. Linainuliwa na vijana sita au wanane wanaovuta kamba kwa pamoja, mmoja akihesabu kwa sauti, na kijana mmoja akizembea nguzo huinama ikamfuata. Vigingi hupigwa kwa pembe, si wima, na mvua ikiwa imenyesha usiku huongezwa vingine, kwa sababu ardhi iliyolowa haishiki. Ni fizikia tupu. Mambo ya mkazo na pembe tuliyokariri Kidato cha Pili nikayaona yakifanywa na kaka mmoja ambaye aliniambia alianguka Fizikia.

Mimi sikuwekwa kwenye nguzo. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi vitambaa vya viti, kufunga utepe, na zaidi ya yote kuweka daftari. Viti vinavyotoka nahesabu, viti vinavyorudi nahesabu. Viti vya plastiki hupangwa kumi kumi, kimoja juu ya kingine, na mtu hujifunza kuviona kumi kwa jicho bila kugusa. Meza moja watu kumi. Wageni mia nne meza arobaini. Lakini msidhani wageni mia nne huja mia nne! Kwetu Kenya mwenye harusi akialika mia tatu hujiandaa kwa mia nne, na wakija mia tano hukopa mabenchi kanisani.

Jambo jingine ambalo ningependa chama chetu cha Kiswahili kilijue ni kuhusu lugha. Kila kazi ina maneno yake, na mengi hayamo katika vitabu tunavyosoma. Wale vijana walisema "tenti" na "deko" na "emsii". Siku moja nikamwita emsii "mshereheshaji" na vijana wakacheka hadi mmoja akaketi chini. Lakini yeye mwenyewe hakucheka. Aliniita pembeni, akaniambia niliandike kwenye karatasi, na Jumamosi ile ile akalitumia kwenye kipaza sauti. Bwana harusi alikuwa Mluo na bibi harusi Mkamba, na wazee wa pande zote mbili walikaa wamenuna kidogo hadi yule mshereheshaji alipoanza kuwatania kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya upande wowote. Nilimsikia shangazi wa bibi harusi akicheka kabla ya wengine. Siwezi kusema zaidi kuhusu umuhimu wa Kiswahili kuliko kile kicheko.

Sasa nije kwenye Jumamosi niliyokusudia kuisimulia. Ilikuwa harusi kubwa, hema nne, viti mia nne. Vijana walikuwa wanane na malipo yao yalikuwa shilingi 500 kila mmoja kwa siku. Mimi nilipewa 200 za nauli, kwani nilikuwa "najifunza". Tulifika uwanjani saa kumi na moja alfajiri, giza bado ni totoro. Harusi ikaisha saa mbili usiku. Tukaanza kukunja, na ilipofika karibu saa nne nikahesabu viti kwa mwanga wa tochi ya simu.

Viti 394.

Nikahesabu tena. 394. Kaka wa Fizikia, ambaye alikuwa anaweka akiba ya karo ya chuo cha ufundi, akanijia akaniambia polepole, "Siste, hebu hesabu tena, labda umechoka." Nikahesabu mara ya tatu, yeye akiniangazia. 394. Wasomaji, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeandika 400 hakuna ambaye angejua usiku ule. Nikaandika 394, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo, na kwa sababu nyumbani na hapa shuleni nimefundishwa hivyo. Mama mwenye kazi akalichukua daftari, akalisoma, akasema kila kiti ni shilingi 800. Sita mara 800 ni 4,800. Gawanya kwa vijana wanane ni 600. Yaani kijana aliyevuta kamba tangu alfajiri hadi usiku alilala akiwa na deni la shilingi mia moja. Mimi sikukatwa hata ndururu, kwani sikuwa na cha kukatwa.

Jumatatu tulisikia kwamba viti vitatu vimeonekana. Jirani wa mwenye harusi alikuwa amewachukulia wageni wake mwenyewe, akasahau kuvirudisha. Je, pesa za vijana zilirudishwa? Sikuona zikirudishwa.

Nililala siku kadhaa nikiona ile namba. Mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, wewe uliandika ukweli, usijitese." Ni sawa. Lakini kuna tofauti kati ya kuandika ukweli na kuona ukweli wako ukitumiwa kumnyang'anya mtu asiyekosa. Muhula ulipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Biashara na kumuuliza kama sheria inaruhusu jambo kama hilo. Alinitafutia Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, tukaisoma pamoja wakati wa chakula cha mchana. Kifungu cha 19 kinasema mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika, lakini iwe imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Tena makato yote kwa jumla hayafai kuzidi theluthi mbili za mshahara kwa wakati mmoja. Mia sita katika mia tano ni theluthi ngapi? Hata mimi ninayepata C katika Hesabu naweza kuwajibu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwalimu wetu wa gwarideni, kwa heshima zote. Yeye anasema kazi ya likizo inamharibu mwanafunzi kwa kumwonjesha pesa. Mimi nasema sikuonja pesa yoyote, na ubaya ulikuwa hapo hapo. Tungekuwa tumeuliza swali la pili, "Atalipwa nini, na kikipotea kitu nani atalipa?", ningeingia kazini nikiwa na masikio wazi. Watoto wa nchi hii hawafundishwi kuuliza swali hilo. Tunafundishwa kushukuru. Tukimaliza shule tunakwenda kutafuta vibarua tukiwa bado tunashukuru, na yule kaka wa Fizikia alishukuru pia, niamini, alisema "asante mama" usiku ule ule.

Na sheria hiyo hiyo haimkatazi mwanafunzi kufanya kazi. Mtoto wa miaka 13 hadi 16 anaweza kupewa kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala kumzuia kuhudhuria masomo. Upande mwingine, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, kifungu cha 37, imepiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Maana yake, kwa maoni yangu, ni kwamba wakubwa waliotunga sheria walijua likizo ni ya kitu kingine. Kitu gani? Hapo kila mtu anajibu kwa mfuko wake. Mwenye uwezo hupeleka mtoto Mombasa. Sisi wa shule ya kutwa likizo yetu huwa ni kuchunga, kuuza duka la mama, au kuchota maji ya kuuza. Nani kati yetu hajawahi kufanya kazi? Tofauti ni kwamba ya nyumbani haiitwi kazi, huitwa adabu.

Najua nitajibiwa kwamba kuna walioacha shule. Ni kweli, na sitaki kujifanya sikuona. Kijana aliyekuwa akiketi nyuma yangu Kidato cha Pili hakurudi mwezi wa Januari. Sasa anaendesha bodaboda, na kwa kuwa mimi hutembea kuja shule kila asubuhi huwa ananipungia mkono pale kituoni. Walimu humtaja kama mfano wa asali. Lakini mimi nilikaa mbele yake mwaka mzima. Nilimwona akirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana, mara moja, mara mbili, mara nne. Tunaambiwa masomo ya sekondari za kutwa yalifanywa ya bure tangu mwaka wa 2008, na ni jambo la kushukuriwa, lakini sufuria ya githeri haina habari hiyo. Yeye alitoka darasani kwanza, ndipo pikipiki ikamkuta nje. Angekuwa na majuma matano ya kazi yenye mapatano kila Desemba, huenda pesa za chakula zingekuwapo na mimi ningekuwa bado nasikia akinong'ona majibu yasiyo sahihi nyuma yangu.

Kuna hofu ya pili, na hii ni ya wazazi zaidi kuliko walimu. Nairobi! Bibi yangu alinifunga pesa kwenye kitambaa na kunionya juu ya kila herufi ya jina hilo. Wanasema mji unameza watoto. Mimi nilitembea ule mji kila nilipopata nafasi, na nafasi zetu zilikuwa za kichekesho, kwa sababu watu wa sherehe hufanya kazi wengine wanapopumzika. Jumamosi ni harusi, Jumapili asubuhi ni kurudisha na kuosha. Wikendi yetu ilianza Jumapili alasiri na kwisha Jumatatu jioni. Binamu yangu ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu, na kwa kuwa nauli ilikuwa ya kubana tulikuwa tukitoka Jericho kwa miguu kufuata Barabara ya Jogoo, tupite Maringo na Kaloleni, City Stadium, Muthurwa, hadi katikati ya mji. Ni mwendo wa jasho, lakini mtu anayetembea huona mji ulivyoungana. Wa matatu huona kisogo cha abiria wa mbele.

Niliyoyaona siwezi kuyamaliza. Pale Moi Avenue kuna sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa mwaka wa 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Mwaka huu tulipofika katika somo la viongozi wa Kenya wenzangu walikuwa wanakariri tarehe. Mimi nilikuwa naona ile barabara, watu wakipita na mikoba yao bila kugeuza shingo. Karibu na hapo kuna jumba la Nyaraka za Kitaifa, ambalo zamani lilikuwa benki, na ndani yake mna vitu vya sanaa alivyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii. Tulisimama pia nje ya maktaba ya McMillan tukiwatazama wale simba wa mawe. Ilifunguliwa mwaka wa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi 1958. Binamu yangu alisema hao simba walikuwa wanamlinda nani. Katika bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998 kuna ukuta wenye majina ya waliouawa na bomu. Zaidi ya watu mia mbili. Kwa mazoea ya kazi yangu nilianza kuhesabu, nikafika kumi na kitu, nikaacha.

Na KICC! Jumba lile lilikamilika mwaka wa 1973, ghorofa 28, na mwaka huo huo wakubwa wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakaja kufanya mkutano wao humo. Kiingilio cha kupanda juu kilitushinda, tukabaki chini karibu na sanamu ya Mzee Kenyatta, shingo zimepinda. Binamu alikuwa anawaza upepo wa huko juu. Mimi nilikuwa nawaza ni nani aliyehesabu viti vya mkutano ule, na vilirudi vyote?

Niwaulize, hapo mji umenimeza wapi? Nilirudi nyumbani nikiwa nimekonda kidogo, nimejua njia, na nimejua kumtambua mtu anayenifuata. Hayo ya mwisho nayo ni elimu kwa msichana, ingawa hayamo kwenye mtihani.

Sisemi kila mzazi amtupe mtoto wake kwa kila mwenye hema. Nilikuwa na mama mdogo aliyeningoja mlangoni, na usiku ule wa saa nne alikuja kunichukua mwenyewe amejifunga leso. Bila yeye maneno yangu yangekuwa mengine. Kazi ya usiku haimfai mtu wa umri wetu, na kama ningekuwa na binti nisingemkubalia hiyo. Pia sikumchukia yule mama mwenye kazi. Alinifundisha mambo mengi, hata namna ya kuzungumza na mteja aliyekasirika (unamwacha amalize, halafu unamwomba akuonyeshe kwa kidole). Lakini kosa lake lina dawa rahisi sana, na niliiona kwa mtu mwingine wa kazi hiyo hiyo tuliyekutana naye kwenye uwanja mmoja siku ya Jamhuri. Yeye viti vikishushwa humwita mwenye sherehe, wanahesabu pamoja, mwenye sherehe anatia sahihi. Usiku wanahesabu tena pamoja. Kikipungua kiti, kinalipiwa na aliyekikodi. Vijana wake hawakuwa wakilitazama daftari kama wetu, kwa jicho la mtu anayemtazama daktari.

Shule yetu hukodi hema kila siku ya wazazi. Sisi Kidato cha Tatu hukaa darasani tukisubiri kuitwa kuimba, na viti hupangwa na watu wa nje. Nimependekeza kwa mwalimu mlezi wa chama kwamba mwaka huu daftari la viti na meza liwekwe na wanachama wetu, lenye safu mbili, kutoka na kurudi, na mahali pa sahihi ya shule. Alisema hilo ataliwasilisha ofisini. Nilipendekeza pia kwamba swali lililo juu ya makala haya liwe hoja ya mdahalo wetu wa muhula ujao. Mwalimu niliyemtaja mwanzoni ameshapata habari, alicheka, na amekubali kutoa hotuba ya upande wa kupinga. Mimi nitakuwa upande wa pili, na daftari langu la Desemba nitakuja nalo. Bado lina alama ya tope kwenye ukurasa wa 394.